Robo ya Nne Tulinyamaza

Wazo la kunyamaza lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaodhani lilitoka kwa kinyozi, eti kwa kuwa ndiye mpiga ngoma wetu, na wapo wanaoapa kwamba lililetwa na wapinzani. Hapana. Lilitoka kwangu, nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani na pini mdomoni, mbele ya mashabiki wenzangu waliokuwa wamechoka kupiga kelele zisizosikika.

Na tulikuwa na haki ya kuchoka. Timu yetu ya mpira wa kikapu iliwahi kuwa timu. Kisha akaingia mwenyekiti huyu, na jambo la kwanza alilofanya ni kutuletea kocha ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuzaliwa tumbo moja na mke wa mwenyekiti. Tukampa jina la Shemeji, na kila alipokosea ukumbi mzima ulimwita hivyo. "Shemeji, badilisha mchezaji. Shemeji, amka." Halafu mwenyekiti akamuuza mchezeshaji wetu mzuri, yule wa kupandisha mpira na kuugawa, katikati ya msimu, akamuuza na mrefu wetu wa chini ya kikapu, na mahali pa yule mrefu akamweka mpwa wake, kijana mwenye mwili mkubwa tuliyemwita Nguzo, kwa sababu alisimama pale pale alipowekwa na mipira ikampita huku na huku.

"Yule hata ukimpaka rangi hatashtuka," kinyozi alisema siku ile kwenye chumba changu cha kushonea.

"Atauliza tu kama imekauka," akasema muuza nyama, na wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ya zile pini.

Chumba changu ni kidogo. Cherehani iko dirishani, meza ya pasi iko ukutani, na nguo za wateja zinaning'inia juu ya vichwa vya watu kiasi kwamba mtu mrefu lazima aongee na pindo la gauni la mtu. Hapo ndipo kamati yetu ya mashabiki ilipokutana, kwa sababu mimi ndiye niliyeshona namba kwenye jezi za timu na bendera za kushangilia, na kwa sababu kwangu kulikuwa na viti.

Nilitoa pini mdomoni nikawaambia. Mechi ya mwisho ilikuwa ya kufa kupona, anayeshinda anaingia mtoano, anayeshindwa anarudi nyumbani kulea watoto. Mwenyekiti angeleta wafadhili wake wakae kwenye viti vya mbele. Kitu alichokuwa anawauzia si timu, maana timu alikuwa ameshaiuza. Alikuwa anawauzia sisi, kelele zetu. Basi tumnyime. Robo ya nne yote, robo ile ambayo kila mtu husimama, sisi tukae chini, tujifunge vitambaa vyeusi midomoni, tusitoe hata kikohozi. Vitambaa nitakata mimi, nina vipande vya bitana vya kutosha.

Kinyozi akapiga goti lake kwa kiganja. "Dada Fundi, wewe ungezaliwa mwanasiasa tungekukoma."

"Mimi kunyamaza siwezi," alisema muuza nyama. "Mke wangu mwenyewe amejaribu."

"Ndiyo maana utafungwa kitambaa."

Mdogo wangu aliingia wakati wanatoka. Alikuja kuchukua kaptura yake ya mechi niliyoipunguza kiunoni. Mashabiki walimwita Mjusi, kwa jinsi alivyopita kando ya mstari na mpira, mwembamba, kama mtu anayepita ukutani. Tangu mchezeshaji wetu alipouzwa, yeye ndiye aliyebeba mpira kutoka mwanzo wa mechi hadi mwisho. Alisalimiana nao, wakampiga mgongoni, kinyozi akamwambia akapunguze nywele kabla wafadhili hawajamwona. Walipoondoka alivuta kiti akakikalia kinyume.

"Robo nzima?" akauliza. Alikuwa amesikia mlangoni.

"Moja tu."

"Dada, na mimi je?"

Hapa lazima nieleze. Msimu uliotangulia, mazoezini, kiwiko cha mtu kilimpata mdogo wangu kwenye jicho la kushoto. Jicho lilivimba, likapona kwa nje, kwa ndani halikupona. Upande ule alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kupitia pazia zito. Niligundua kwa sababu ya meza yangu ya pasi. Iko upande wa kushoto ukiingia, na yeye aliyeizoea tangu naanza kazi akaanza kuigonga. Alipoigonga tena nikamuuliza, akaniapisha. Nisimwambie mama, nisimwambie mtu wa klabu. Wangemtoa siku hiyo hiyo, na mpira ndio ulikuwa kazi yake na jina lake.

Nikaapa. Na nikafanya zaidi ya kuapa. Nilianza kukaa safu ya mbele kabisa, na kila mpinzani alipomnyemelea kutoka upande ule nilipaza sauti: "Kushoto!" Ilibidi nijifunze kugeuza mambo kichwani, maana kushoto kwake si kushoto kwangu, na baada ya mapumziko timu hubadilishana upande. Mwanzoni nilikuwa peke yangu. Kisha kinyozi akadakia, kisha safu nzima, wakidhani ni mtindo tu wa kushangilia. Ikawa desturi yetu. Hakuna ukumbi mwingine ambao mashabiki wanamwimbia mchezaji upande. Wageni walitucheka, watoto mtaani wakaigiza, nami nikalishona neno hilo kwenye skafu za mashabiki kwa uzi wa njano. Watu zaidi ya mia waliongoza jicho la mdogo wangu bila kujua, na mimi niliyejua nilijiona mjanja.

Ndiyo maana aliuliza na yeye je.

"Utageuza shingo," nilimwambia. "Si huwa unasema ukigeuza shingo unaona?"

"Nageuza nikiwa natembea, dada. Siyo nikiwa nakimbia na watu watatu mbele."

"Ni robo moja."

Alicheka kidogo, akaikunja kaptura. "Basi wao wanyamaze. Wewe peke yako uite. Sauti yako naijua hata usingizini."

"Nikiita mimi niliyeanzisha, nitaonekanaje?"

Aliweka kaptura kwapani, akaikwepa meza ya pasi kwa uangalifu wa mtu anayevuka barabara, akaenda zake. Nilikata vitambaa jioni ile nikiwa naimba.

Siku ya mechi ukumbi ulijaa. Robo tatu tulishangilia kama kawaida, tena zaidi ya kawaida, ili kimya kiwaume. Shemeji alisimama, akakaa, akasimama. Nguzo alipata mpira chini ya kikapu, akaushangaa, akanyang'anywa. Mjusi alikuwa kwenye siku yake. Aliita michezo kwa vidole, aliingia, alitoka, na kila kivuli kilipomjia tuliita kushoto naye akaupitisha mpira mkono wa kulia bila hata kutazama.

Robo ya nne ilipoanza tukaketi, tukafunga vitambaa.

Sijawahi kusikia ukumbi ule kimya. Viatu vilikwaruza sakafu, wachezaji walihema, mtu wa maji akaangusha kifuniko na kila mtu akageuka. Kwa mara ya kwanza tulimsikia Shemeji anachowaambia vijana wetu, na kumbe msimu mzima alikuwa anasema neno moja: "Jitahidini. Jitahidini." Kinyozi mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Mfadhili mmoja aliinama sikioni kwa mwenyekiti akauliza kitu, na mwenyekiti akatutazama kama mtu aliyefungua friji mbele ya wageni akakuta tupu. Sitasema uongo, niliona raha. Niliona raha kuliko siku niliyofungua chumba changu mwenyewe.

Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja na mpira ulikuwa wetu. Kilichotakiwa ni Mjusi aushike, audunde, muda uishe. Alikuwa karibu na upande wetu, namwona jasho kwenye shingo. Mlinzi mmoja alikuwa mbele yake. Mwingine alimwacha mtu wake akaanza kuja. Alikuja kwa hatua za paka, kutoka kushoto.

Nilimwona. Sitaki mtu anisaidie hapa kwa kusema mambo yalienda haraka. Nilimwona mapema, kabla hata ya kocha wao. Mkono wangu ulifika kwenye fundo la kitambaa. Kisha nikamtazama mwenyekiti, nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama mimi, mimi fundi cherehani, na nikafikiri: dakika hii akinisikia napiga kelele, atakuwa ameshinda.

Mdogo wangu aligeuza shingo, kulia.

Mpira ulichukuliwa kama unavyochukua kikombe mezani. Yule mtu alikimbia nao peke yake, akaweka kikapuni, king'ora kikalia. Mjusi alibaki amesimama pale pale na mikono mbele, bado imekaa mkao wa kudunda. Hakuwatazama wenzake. Alitazama safu yetu, akinitafuta kwa jicho moja.

Nje, mashabiki walikuwa wanatafuta wa kumla.

"Kauza mechi," alisema muuza nyama. "Mtu ananyang'anywa mpira kama mtoto anayenyang'anywa peremende? Yule kalipwa."

"Na alikuwa anacheza vizuri siku nzima," mwingine akadakia. "Ndiyo dalili yenyewe."

Kinyozi alinitazama kwa aibu, kwa sababu Mjusi ni ndugu yangu, akasema, "Jamani, tusiseme hivyo." Lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye naye keshasema moyoni. Ningeweza kuwaeleza. Nilikuwa nimeapa, ndiyo, lakini hilo silo lililonizuia. Kueleza jicho kungekuwa kueleza na mimi nilijua nini wakati nakata vile vitambaa. Nikanyamaza tena, safari hii bila kitambaa.

Kwa mama, mdogo wangu alikuwa uani anasugua viatu vyake vya mchezo kwa mswaki mkuukuu. Nilichutama kando yake, upande wa kulia.

"Nisamehe," nikamwambia.

Aliendelea kusugua.

"Nilimwona yule mtu. Ningeweza kuita."

"Najua uliona. Wewe huwa unaona." Alikung'uta mswaki. "Sina hasira na wewe, dada. Ila msamaha sina. Labda utakuja baadaye, mimi sijui unapatikana wapi."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Wiki ile kila kitu kilinisuta. Nilishona mkono wa shati la mtu kinyume. Nilitoboa kidole. Wateja waliniuliza kama kweli Mjusi kalipwa, nami nikasema si kweli, nao wakaitikia kwa ile "mhh" ndefu. Mtaani watoto walimwona wakaita "Kushoto!" halafu wakakimbia, na yeye akawapungia mkono.

Aliyekuja na habari alikuwa Shemeji mwenyewe. Aliinama chini ya magauni, akanipa suruali ya kukunja pindo ili awe na sababu ya kuwepo.

"Mwenyekiti anataka mambo yaishe," alisema. "Jumamosi mchana kuna mkutano ukumbini, wafadhili watakuwepo. Wewe usimame, useme kile kimya kilikuwa kosa, mlidanganywa na maneno ya mitaani, uongozi hauna tatizo. Uombe radhi. Ukimaliza, mdogo wako anabaki kwenye timu. Usipoomba, jina lake linatolewa."

"Na wewe kocha unaonaje?"

Alikaa kwenye kiti, suruali nyingine ikamgusa paji la uso, akaisogeza kwa adabu. "Mimi mwenyewe kazi hii sikuiomba, dada. Nilikuwa nafundisha watoto kuogelea. Dada yangu akasema njoo. Sasa nikikataa, nitakula wapi sikukuu?" Kisha akaongeza, "Mjusi ni mzuri. Bila yeye nina watu tisa na Nguzo."

Nilikubali. Nilikubali kabla hajamaliza kuinuka. Kumwomba radhi mwenyekiti ilikuwa sawa na kumeza wembe, lakini nilikuwa na deni la aina hiyo hasa, la kumeza. Mama alisema, "Sema tu, mwanangu, maneno hayavunji meno." Mdogo wangu jioni ile alienda kukimbia kwa mara ya kwanza tangu mechi, na aliporudi alikuwa anapiga mluzi.

Jumamosi mama alinipigia pasi gauni mimi ninayewapigia watu pasi. Ukumbini viti vilijaa, kinyozi na muuza nyama wakiwa nyuma na mikono kifuani. Mjusi alisimama karibu na benchi, amevaa jezi yake. Mwenyekiti alinisubiri kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa na furaha. Alikuwa, na hili ndilo linaloniuma, mpole.

"Mwanangu, usituone watu wabaya," alisema. "Tunampenda ndugu yako. Hata lile jicho lake tunalijua. Daktari wetu alituambia mwanzoni mwa msimu, akasema pigo lingine moja na jicho hilo linaweza kwenda moja kwa moja, na la pili likafuata. Klabu nyingine ingemtupa. Sisi tulikaa naye."

"Mlijua," nikasema.

"Tangu mwanzo."

"Na mkamuuza yule mwingine, mkampa yeye mpira wote."

"Sasa nani angecheza?" alisema, na akanipigapiga kiganja, kama mtu anayenituliza.

Nilisimama pale nanusa dawa ya kuchulia misuli na nikajiona. Kwa sababu kila alichosema kuhusu wao kilikuwa kweli kuhusu mimi. Na mimi nilijua. Na mimi nilikaa naye. Nilimpangia ukumbi mzima umwongoze ili aendelee kupeleka jicho lake kwenye viwiko vya watu, nikaliita hilo mapenzi, nikalishona kwa uzi wa njano. Leo nilikuja kumrudisha tena, na safari hii kwa gauni lililopigwa pasi.

Nilipewa kipaza sauti. Nilikisogeza karibu mno na mdomo kikapiga kelele, watu wakaziba masikio.

"Kunyamaza lilikuwa wazo langu," nilisema. "Sikudanganywa na mtu. Mpira wa mwisho ndugu yangu aliupoteza kwa sababu mimi niliona mtu anakuja na sikuita. Hakulipwa na yeyote. Anayetaka kuzomea, azomee huku nilipo." Nilimwona muuza nyama akishusha mikono. "Nimeambiwa niseme uongozi hauna tatizo, niombe radhi. Uongozi una tatizo. Umeuza wachezaji, umempa kocha kazi asiyoiweza, na yeye mwenyewe analijua hilo. Na wale waliobaki unawatumia mpaka waishe. Siombi radhi."

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alichukua kipaza sauti taratibu, akatabasamu kwa wafadhili, akasema mdogo wangu anaweza kurudisha jezi kwa mtunza vifaa. Nyuma, mtu alianza kupiga makofi, kisha akaona hakuna anayemfuata.

Mjusi alinikuta nje kwenye ngazi. Alikuwa amebaki na fulana ya ndani.

"Umemaliza kazi," alisema.

"Wanajua kuhusu jicho. Kaniambia kwa mdomo wake."

"Najua kuwa wanajua."

Nilimtazama.

"Mimi ndiye niliyeenda kwa daktari wao," alisema. "Tukakubaliana. Wao wanipange, mimi nisilalamike likitokea la kutokea."

"Hukuniambia."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo."

"Jicho ni langu, dada."

"Ni lako."

"Na timu ilikuwa yangu. Sina kingine. Wewe una cherehani." Sauti yake haikupanda. "Ulininyamazia mara ya kwanza ili usionekane vibaya. Leo umesema, na bado ni wewe uliyeamua. Mimi nimeamua lini?"

Alikuwa amenigeuzia uso mzima, kama anavyofanya siku hizi, ili jicho moja litoshe.

"Rudi ndani," alisema. "Bado wapo. Mwambie mwenyekiti ulichanganyikiwa. Kama huwezi kwa ajili yake, fanya kwa ajili yangu. Mimi ndiye ninayekuomba."

Nilishika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili. Ningempa chochote. Ningempa chumba changu, cherehani na kila kitambaa kilichomo.

"Kwa ile robo ya nne nilikuomba msamaha hukunipa," nilimwambia, "na nitaendelea kukuomba hata tukizeeka. Hili la leo ni lingine."

"Kwa hiyo hurudi."

"Sirudi. Na kwa hili sikuombi msamaha hata wewe."